Samadi mbichi isipelekwe kwenye tuta la mchicha

Ndugu Mhariri,

Mchicha uliosiwa leo huwa sokoni baada ya siku 21 hadi 30. Chainizi na figiri hukaa zaidi kidogo, wiki tano au sita. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kwa nini ufupi wa siku hizo unaifanya samadi kuwa hatari kwenye mboga za majani kuliko kwenye mahindi au migomba. Makala nyingi za kilimo hai hulipita jambo hili kimya, huku zikituhakikishia kwamba mbolea ya asili haina madhara. Sisi ni watetezi wa mbolea za asili. Udongo wa kichanga wa pwani haushiki maji wala rutuba bila mboji, na hilo halina mjadala. Lakini samadi mbichi ni kitu kingine kabisa, na kuitumia mahali pa mboji kunamweka mlaji hatarini.

Tazama inavyotumika. Katika bustani nyingi za mijini mbolea kuu ni samadi ya kuku wa nyama iliyochanganyika na maranda, inayonunuliwa kwa viroba moja kwa moja kutoka bandani. Hutandazwa kwenye tuta kabla ya kusia, kisha hurudiwa mche ukiwa na siku 10 hadi 14. Safari hii hunyunyizwa kwa mkono juu ya majani, halafu keni ya kumwagilia inapita ili ishuke chini. Haishuki yote. Vumbi lake hubaki pale jani linapoungana na shina. Wiki mbili baadaye mchicha unang'olewa na mizizi yake, unafungwa mafungu na udongo wake, na mafungu yanachovywa majini yasinyauke. Kilichokuwa mzizini kwenye fungu moja sasa kiko kwenye majani ya mafungu yote yaliyopita katika beseni lile.

Kinyesi cha kuku hubeba bakteria wa Salmonella na Campylobacter hata kuku akiwa mzima na ana uzito mzuri. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hubeba bakteria wa E. coli aina ya O157:H7 bila kuugua wenyewe, ilhali binadamu anaweza kuugua kwa kumeza bakteria wasiofika mia moja, na kwa watoto wadogo ugonjwa huo huweza kuishia kwenye figo kushindwa kazi. Ndama huongeza Cryptosporidium, kimelea ambacho klorini ya nyumbani haikiui. Kinyesi cha binadamu, ambacho wapo wanaokinunua kutoka kwa magari ya maji taka, huleta mayai ya minyoo ya tumbo na ya tegu, na hicho hakina nafasi yoyote kwenye mboga za majani.

Mwaka 2006 nchini Marekani, spinachi mbichi ya mifukoni yenye E. coli O157:H7 iliwafanya watu wapatao 200 waugue katika majimbo 26, na watatu wakafa. Uchunguzi ulifika hadi kwenye shamba moja la California, na bakteria wale wale wakapatikana kwenye kinyesi cha ng'ombe waliolishwa jirani, kwenye maji ya mto na kwa nguruwe pori. Kule kinyesi kilikuwa cha jirani. Huku kwetu tunakinyunyiza wenyewe juu ya jani.

Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi ifukiwe udongoni angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kwa lile lisilogusa. Siku hizo si nyingi mno. Katika majaribio ya shambani ya jimbo la Georgia yaliyochapishwa mwaka 2004, mboji iliyotiwa kwa makusudi aina isiyodhuru ya E. coli O157:H7 ilichanganywa na udongo kabla ya kupanda. Walipatikana kwenye saladi hadi siku 77 baadaye, na udongoni walidumu zaidi ya siku 150. Ni kweli jua letu huua haraka kwenye uso mkavu wa ardhi. Lakini tuta la mboga hunyweshwa asubuhi na jioni na lina kivuli cha majani mchana kutwa, kwa hiyo hali yake ndiyo hasa wanayoipenda vimelea.

Sasa fanya hesabu. Katika siku 120 tuta moja la mchicha huvunwa mara tatu au nne. Mkulima anayelipa kodi ya eneo hawezi kuliacha wazi miezi minne, na hatumlaumu. Kwa matembele, sukuma wiki na mnavu hesabu haipatikani kabisa, kwa kuwa mboga hizo huchumwa kila wiki huku mbolea ikiendelea kuongezwa. Kwa hiyo kanuni ya kusubiri, inayofaa kwenye mahindi, haitusaidii hapa. Mwenye samadi mbichi aipeleke kwenye migomba, miembe au mahindi. Kwa mboga za majani iliyobaki ni njia moja tu: vimelea wafe kabla samadi haijaingia bustanini.

Wauzaji wengi hujibu kwamba samadi yao imekaa, ina miezi mitatu au sita kwenye kiroba. Kukaa na kukauka hakutoshi. Salmonella huvumilia ukavu kwa miezi, na ikishauzoea huvumilia hata joto ambalo lingeiua upesi kwenye unyevu. Keni ikiilowesha tena, inaamka. Kinachoua ni joto, penye unyevu, kwa muda unaojulikana. Hesabu inayotumiwa na wahandisi wa usafi wa mazingira tangu miaka ya 1980 ni hii: saa moja kwenye nyuzi joto 62 za Selsiasi, siku moja kwenye 50, wiki moja kwenye 46. Muda huo huua hata mayai ya minyoo, ambayo ni sugu kupita bakteria. Na kwa kuwa ubavu wa lundo haupati joto la katikati, kanuni inayotumika kwa lundo la kugeuza ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ndani ya siku hizo ligeuzwe si chini ya mara tano.

Lundo hilo linatengenezwaje? Saizi kwanza. Chini ya mita moja kila upande, joto hupotea haraka kuliko linavyozalishwa. Upana, urefu na kimo cha mita moja na nusu hufanya kazi bila kubahatisha. Liweke upande wa chini wa bustani na mbali na kisima, ili mvua isisombe maji ya samadi kuelekea matutani. Chini kabisa tandika mabua mazima, unene wa shubiri moja, hewa ipite.

Samadi kavu ya kuku ina nitrojeni nyingi na kaboni kidogo. Ukiilundika peke yake hutoa amonia inayochoma macho, na nitrojeni uliyoilipia inapaa hewani. Uwiano unaotafutwa ni kaboni 25 hadi 40 kwa nitrojeni 1. Kwa vipimo vya shambani, kila kilo 40 za samadi kavu yenye maranda, yaani kiroba kimoja kilichojaa, zinahitaji kilo 60 hadi 80 za mabua ya mahindi, nyasi kavu au mabua ya mpunga yaliyokatwa vipande vya urefu wa kidole. Pima kwa mzani, angalau mara ya kwanza. Mabua ni mepesi na macho hudanganya: kilo 60 hujaza viroba saba au nane, na wengi huishia kuweka viwili wakidhani wametosheleza. Maranda yaliyomo kwenye samadi yasihesabiwe badala ya mabua, kwa sababu mbao huoza polepole na kaboni yake haipatikani upesi. Kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe, kilo 100 zinataka kilo 25 hadi 35 za mabua, na mara nyingi hakuna haja ya kuongeza maji.

Kwa mchanganyiko wa samadi ya kuku, maji ni ndoo tano hivi za lita 20 kwa kila kiroba cha samadi pamoja na mabua yake. Mimina kidogo kidogo huku ukichanganya, kwa maana maji yakimwagwa juu mwishoni hupita pembeni na kuacha katikati kukavu. Kisha kamua konzi moja kwa nguvu. Itoke tone moja au mawili. Ikichuruzika, umezidisha, ikimeguka kama vumbi, lundo halitashika moto. Changanya vizuri badala ya kupanga matabaka, kwani tabaka nene la samadi hugandamana na kuoza bila hewa. Funika kwa nyasi kavu au majani ya mgomba, na masika weka turubai juu ya miti ili mvua isiingie lakini hewa ipite.

Ndani ya siku mbili au tatu joto linapaswa kufika 55. Kipimajoto chenye mche mrefu ndicho chombo cha kazi hii: pima sehemu tatu za lundo kila siku, ukiandika tarehe na joto kwenye daftari. Asiye nacho achomeke nondo hadi katikati, aiache dakika kumi, aichomoe na kugusa sehemu iliyokuwa ndani. Ikimlazimu kuiachia papo hapo, joto linakaribia kiwango hicho. Nondo ni makadirio tu. Inaweza kumfaa mkulima anayejitengenezea mwenyewe, lakini mtu anayeuza mboji hana udhuru wa kukosa kipimajoto.

Anza kuhesabu siku 15 kuanzia siku joto lilipofika 55, na geuza kila siku ya tatu. Kugeuza maana yake ni kuhamisha lundo zima ili cha nje kiende katikati na cha chini kije juu. Kuchokoachokoa kwa uma hakutoshi, na hapa ndipo wavivu wanapoliharibu. Joto litashuka kidogo na kurudi kesho yake. Ukiona funza wa nzi kwenye kingo, ujue ubavu wa lundo bado ni wa baridi na haujaingia katikati ipasavyo.

Lundo likigoma kupanda, chunguza mambo matatu kwa zamu: unyevu, ukubwa, kisha samadi. Mara nyingi ni ukavu. Harufu ya amonia inaonyesha mabua ni machache. Harufu ya uozo inaonyesha maji yamezidi na hewa imekwisha, kwa hiyo geuza na ongeza mabua makavu. Joto likipita 70, na ukaona unga wa kijivu kama majivu ndani, geuza na uongeze maji, maana hata vijidudu vinavyofanya kazi ya kuozesha vinaanza kufa na lundo linakauka likiwa halijaiva.

Baada ya siku 15 liache liive wiki nne hadi sita, likiwa limefunikwa. Mboji iliyoiva ni baridi, nyeusi, na inanukia udongo. Chukua konzi mbili, zilowanishe kidogo, zifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa siku tatu. Ukifungua na kupata harufu ya amonia au ya uchachu, rudisha, haijaiva. Subira hii ina sababu ya usalama pia. Mboji changa bado ina chakula chepesi na vijidudu vizuri vichache, na Salmonella ikiingia humo huweza kuzaliana upya.

Nayo huingia kwa urahisi. Chepe lililopakia samadi mbichi asubuhi ndilo linalogeuza mboji jioni. Toroli ni lile lile, mabuti ni yale yale. Kuku wa nyumbani wanapanda juu ya lundo lililoiva kuchakura. Baya zaidi, mboji safi hujazwa kwenye viroba vilivyoleta samadi kutoka bandani. Yote yanazuilika kwa kuwa na chepe la pili lililopakwa rangi, viroba vipya na uzio wa matete. Gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na jasho la kugeuza lundo mara tano.

Kuna njia nyingine zinazofundishwa mara nyingi, nazo zinatengeneza mbolea nzuri bila kutengeneza mbolea salama. Shimo la mboji ndilo la kwanza. Ardhini hewa ni haba na joto halipandi, kwa hiyo kinachotoka baada ya miezi mitatu ni cheusi na laini, lakini kama kiliingia na samadi kinaweza kutoka na vimelea. Shimo lifae kwa majani na mabaki ya mimea tu. Tope la bayogesi ni la pili. Mitambo mingi ya kaya hufanya kazi kwenye joto la udongo, nyuzi 25 hadi 30. Inapunguza vimelea, haiwamalizi. Tope hilo lichanganywe na mabua lipite kwenye lundo la moto. Tatu ni mboji ya minyoo. Minyoo hiyo haistahimili joto linalopita nyuzi 35, kwa hiyo haiwezi kuishi mahali ambapo vimelea wanakufa. Samadi ipite motoni kwanza ndipo wapewe.

Chai ya samadi inahitaji neno la pekee kwa sababu inasambaa upesi. Gunia la samadi linaloning'inizwa kwenye pipa la lita 200 kwa wiki mbili hutoa maji ya rangi ya chai yenye nitrojeni na potasiamu, na mmea huitikia vizuri. Lakini maji hayo hayajapata joto la kuua kitu. Wanaoongeza molasesi au sukari guru ili kuamsha bakteria wazuri huwaamsha na wabaya. Majaribio yameonyesha E. coli na Salmonella zikiongezeka kwenye maji ya aina hiyo yakitiwa sukari. Kisha majimaji hayo hutiwa kwenye bomba la mgongo na kupigwa majani kama busta, yaani mbolea ya kunyunyizia majani, siku chache kabla ya kuvuna. Hatuoni namna mbaya zaidi ya kutumia samadi kwenye mboga. Mwenye nyanya au mapapai ayamwage shinani. Kwenye mchicha, chainizi, saladi na giligilani yasitumike kabisa.

Kiasi cha mboji kwa tuta la mita 1 kwa 10 ni kilo 20 hadi 30, yaani ndoo kubwa mbili au tatu, ikichanganywa na udongo wa juu wa sentimita 10 hadi 15 siku chache kabla ya kusia. Mboji hutoa nitrojeni polepole, kwa hiyo msimu wa kwanza mkulima aliyezoea samadi ya kuku ataona mchicha wake umepauka kidogo na atashawishika kurudi kwenye kiroba. Asirudi. Gramu 50 za urea zikiyeyushwa kwenye lita 20 za maji zinatosha tuta hilo siku ya 10 hadi 12, kisha majani yasuuzwe kwa maji safi yasiungue. Tunajua baadhi ya wenzetu watakasirika kuisoma urea katika barua inayotetea mbolea za asili. Urea haibebi bakteria wala mayai ya minyoo, na kwa mkulima asiye na cheti cha kilimo hai ni bora mara kumi kuliko kunyunyiza samadi juu ya jani. Mwenye cheti haruhusiwi kuitumia. Yeye aongeze mboji kwenye mzunguko unaofuata na apishe kunde kila baada ya mizunguko kadhaa.

Samadi nyingi ina madhara mengine yasiyohusu vimelea. Mchicha ni kati ya mboga zinazohifadhi naitreti kwenye majani, na ukipewa nitrojeni kupita haja yake huwa wa kijani kizito, laini, unaooza haraka kwenye tenga, na wenye naitreti nyingi ambayo ni hatari hasa kwa vichanga. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 3,500 kwa kilo ya spinachi mbichi. Naitreti hupungua jani likipata mwanga, kwa hiyo kuvuna alasiri ni bora kuliko alfajiri. Kwa bahati nzuri wakulima wengi huvuna jioni kwa ajili ya soko la alfajiri, na desturi hiyo iendelee.

Moto wa lundo hauondoi risasi wala kadimi. Utafiti wa mboga za kando ya mito Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1999 ulishaonyesha kwamba metali nzito zinafika kwenye majani. Bustani iliyo kwenye maji ya viwandani au kwenye dampo la zamani haisafishwi kwa mboji yoyote, na mabaki ya majivu, betri na taka za mitaani yasiingizwe kwenye lundo hata kidogo.

Maji ndiyo mlango wa pili. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1989 liliweka kikomo cha bakteria 1,000 wa kinyesi kwa mililita 100 na yai moja la minyoo kwa lita kwenye maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi. Mfereji unaopita katikati ya mji hauwezi kutimiza hilo. Palipo na kisima kifupi au bwawa tu, acha maji yatulie siku nzima bila kuchovywa, maana mayai ya minyoo huzama, kisha teka juu bila kutibua. Mwagilia kwa keni iliyoshikwa chini, au kwa matone pale mkulima anapomudu. Tandaza nyasi kavu kati ya mistari, kwa sababu tone la mvua au la keni hurusha udongo hadi kwenye majani. Siku moja au mbili za mwisho kabla ya kuvuna usimwagilie, na jua likishindikana kuvumiliwa tumia maji ya bomba.

Wakati wa kuvuna, kata kwa kisu safi sentimita tano juu ya ardhi. Mchicha uliokatwa huchipua tena, na mkulima hupata mavuno ya pili bila mbegu mpya. Wachuuzi hupenda wenye mizizi kwa kuwa hausinyai haraka. Basi mizizi ioshwe peke yake kwanza, au ikatwe shambani kabla fungu halijagusa maji. Sokoni, kunyunyizia maji ya bomba ni salama kuliko kuchovya kwenye ndoo moja kutwa nzima. Mchuuzi anayechovya kwenye mtaro anaharibu kazi ya mkulima aliyefuata kila hatua.

Tumeshasikia jibu la kwamba sisi mboga tunazipika. Ni kweli, nyuzi 70 kwa dakika mbili zinamaliza bakteria hawa, na mchicha wa nazi uliochemka hauna shida. Lakini fungu limepita kwanza kwenye sinki, kwenye kibao na kwenye kisu, na kibao hicho hicho dakika tano baadaye kinakata nyanya na kitunguu cha kachumbari. Giligilani inatupiwa juu ya chakula ikiwa mbichi. Saladi, kabichi ya kachumbari na vitunguu vya majani havioni moto kabisa. Nyumbani, toa mizizi na majani yenye udongo kabla ya kuosha, osha katika maji matatu yanayobadilishwa, na kwa mboga za kuliwa mbichi tia kijiko kikubwa kimoja, yaani mililita 15, cha jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato kwenye lita 10 za maji, zamisha dakika mbili, suuza kwa maji safi. Maji ya chumvi huwatoa wadudu, hayaui bakteria. Na hata jiki hupunguza tu. Bakteria waliojificha kwenye mikunjo na michubuko ya jani hubaki. Ndiyo maana mzigo huu usiachwe kwa mpishi.

Alama ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, inamhakikishia mnunuzi namna mboga ilivyolimwa. Haipimi bakteria kwenye fungu alilolishika, wala haikukusudiwa hivyo. Tunaiomba Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania iwatake wauzaji wote wa mboji na samadi za viroba waandike wazi kama bidhaa ni mbichi au imepita kwenye joto, kwa siku ngapi, na kwa mazao gani isitumike. Tunaliomba Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula, lichukue sampuli za mboga masokoni mara kwa mara na kutangaza matokeo. Halmashauri zenye masoko ya mboga ziweke bomba la maji safi karibu na meza za wauza majani, kwa kuwa hakuna anayechovya mtaroni akiwa na bomba hatua tatu kutoka alipo.

Kabla hayo hayajatekelezwa, mkulima anaweza kuanza na swali moja kwa anayemuuzia viroba: daftari la joto la lundo hili liko wapi? Akikosa la kuonyesha, samadi yake inafaa migomba.

Maofisa ugani wawili wa mboga na bustani,
Morogoro